Kupima vitamini D kwa mtoto wa chini ya mwaka: nani apimwe, damu itolewe vipi, majibu yasomwe vipi

Jina la ugonjwa wa mifupa unaoletwa na upungufu wa vitamini D linapotosha. Ulaini wa mifupa ya watoto tunauita matege, na mtu akishasikia matege macho yake hushuka moja kwa moja miguuni. Lakini mtoto wa miezi mitano hajasimama. Miguu yake haijabeba uzito wa kuipinda, kwa hiyo anaweza kuugua huku miguu imenyooka kabisa. Kwake dalili ziko kwingine: degedege isiyo na homa, nimonia inayorudi, fuvu linalobonyea chini ya kidole, vifundo vya mikono vilivyonenepa. Kinyume chake, mtoto wa mwaka na miezi mitatu anayeanza kutembea na miguu yote miwili imepinda kidogo kwa usawa, mara nyingi ni mzima. Miguu ya umri huo ndivyo ilivyo, nayo hunyooka yenyewe kuelekea miaka miwili.

Katika mkanganyiko huo, kipimo cha vitamini D kwenye damu huonekana kama njia ya mkato. Si njia ya mkato. Ni kipimo kizuri kikiagizwa kwa mtoto anayekihitaji, kikiandamana na vipimo wenzake, damu ikitolewa sawasawa na majibu yakisomwa kwa viwango vya umri wake. Kikiagizwa peke yake kinaweza kumbambikia ugonjwa mtoto asiye nao, au kumnyima tiba aliye nao. Hatua zifuatazo ni za wauguzi, matabibu na madaktari wa vituo vya afya na hospitali. Mzazi naye atazielewa akitaka kujua mwanawe anafanyiwa nini na kwa nini.

Nani hahitaji sindano

Mwaka 2016 wataalamu wa matege kutoka nchi nyingi walitoa makubaliano ya pamoja kuhusu kinga na tiba. Hayapendekezi kupima vitamini D ya watoto wenye afya njema kama utaratibu wa kawaida. Yanachopendekeza ni kila mtoto apewe uniti 400, yaani mikrogramu 10, kila siku tangu kuzaliwa hadi miezi 12, anyonye au anywe maziwa ya kopo. Baada ya hapo mahitaji hupanda hadi uniti 600 kwa siku kutoka kwenye chakula na nyongeza.

Mantiki yake ni nyepesi. Karibu kila mtoto anayenyonya tu, asiyepewa matone, yumo hatarini. Maziwa ya mama hayana mshindani kwa mengine yote, lakini vitamini D yake kwa kawaida haifiki hata uniti 80 kwa lita, na mtoto hanywi lita nzima kwa siku. Hilo si sababu ya kuacha kunyonyesha. Ni sababu ya kuongeza matone. Kama jibu la damu, liwe lolote, halitabadilisha ushauri wa kutoa uniti 400, basi hakuna haja ya kumchoma mtoto.

Wengi watauliza: na jua letu hili? Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi kwa desturi za asili ulikuta wastani wa vitamini D yao ni 115 nmol/L (nanomoli kwa lita), kiwango cha juu sana. Hao ni watu wazima wanaoshinda nje mchana kutwa. Mtoto wa mjini anayelala chumba cha kupanga, amevikwa kofia, soksi na blanketi, anaweza kuishi chini ya jua lilelile asilipate. Ndiyo maana utafiti wa mwaka 2018 katika makazi ya mabanda Nairobi ulihusisha matege ya watoto na upungufu wa vitamini D, karibu kabisa na mstari wa ikweta.

Ushauri wa kumwotesha mtoto jua la saa moja asubuhi unahitaji marekebisho. Jua likiwa chini, anga huchuja karibu miale yote ya urujuanimno inayotengeneza vitamini D ngozini, na kinachomfikia mtoto ni mwanga na joto. Angalia kivuli: kikiwa kirefu kuliko mwenyewe, vitamini D inayotengenezwa ni ndogo sana. Kioo cha dirisha nacho huzuia miale hiyo. Jua la mchana ndilo lingefaa, lakini ni kali mno kwa ngozi ya mtoto wa miezi miwili. Kwa hiyo matone.

Kwa familia zetu zilizo London, Minneapolis au Stockholm hali ni nzito zaidi. Kwa miezi kadhaa ya baridi jua la huko halitengenezi vitamini D kabisa, ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani, na mama anayejifunika mwili huwa na akiba ndogo ya kumpa mtoto tangu tumboni.

Hatua ya 1: mpapase mtoto kabla ya kushika kalamu

Mvue nguo zote, mlaze mahali penye joto na mwanga wa kutosha. Anza na kichwa. Kwa ncha za vidole kandamiza taratibu nyuma na juu kidogo ya masikio. Mfupa ukibonyea na kurudi kama mpira wa tenisi ya meza, kumbuka umri: kabla ya miezi mitatu hali hiyo inaweza kuwa ya kawaida, hasa kwa njiti, baada ya hapo ina uzito. Pima upana wa utosi na tazama kama paji la uso limetokeza.

Shuka kifuani. Pitisha kidole pale ubavu unapoungana na gegedu, pande zote mbili. Vinundu vilivyojipanga kama shanga za tasbihi ni dalili yenye nguvu. Tazama pia mfereji unaokata kifua kwa chini, pale kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kinapovuta mbavu laini kwenda ndani kila mtoto anapovuta pumzi.

Kisha vifundo vya mikono. Hapa makosa ni mengi kwa sababu mtoto mnene ana mikunjo, na mkunjo wa mafuta hudhaniwa uvimbe. Bonyeza hadi uguse mfupa: upana unaoutafuta ni wa mfupa wenyewe, juu tu ya kiungo. Mkishapapasa vifundo vya watoto wazima kumi kliniki, tofauti hutambulika bila shida.

Mwisho angalia nguvu. Mtoto aliyechelewa kuinua kichwa, kukaa au kutambaa, mwenye misuli iliyolegea na tumbo lililojaa, au asiye na jino hata moja akifika miezi kumi, aingie kwenye orodha ya kuchunguzwa.

Nimonia inayojirudia istahili swali hilohilo. Utafiti wa Addis Ababa uliochapishwa mwaka 1997 ulikuta uwezekano wa kuwa na matege ukiwa juu takriban mara 13 kwa watoto waliolazwa kwa nimonia kuliko kwa wenzao. Mbavu laini hazishikilii kifua, mapafu hayapanuki vizuri, na makohozi hubaki ndani.

Halafu maswali. Muulize mama kwa upole, bila kumlaumu: "Mama, mtoto anatumia matone yoyote? Naomba nione chupa yake." Kuiona chupa ni muhimu kuliko kusikia jina. Uliza mtoto alizaliwa na wiki ngapi, ananyonya tu au ameanza kula, uji wake una maziwa au ni wa nafaka tupu, hutoka nje kwa muda gani, na anatumia dawa gani. Phenobarbital, phenytoin na rifampicin huvuruga vitamini D mwilini. Kuharisha kwa muda mrefu, ugonjwa wa ini wenye manjano, na ugonjwa wa figo nao huingia kwenye hesabu. Uliza pia kama kuna ndugu aliyewahi kuwa na miguu iliyopinda sana au mtu mzima mfupi wa namna hiyo katika ukoo. Matege ya kurithi yapo.

Mtoto mwenye degedege, mikono inayokakamaa, sauti ya kukwaruza anapovuta pumzi, au anayehema haraka na kutokwa jasho wakati wa kunyonya, hasubiri jibu la vitamini D. Kalsiamu yake inaweza kuwa imeshuka kiasi cha kuhatarisha moyo. Pima sukari palepale, chukua damu ya kalsiamu ikiwezekana bila kuchelewesha tiba, na mpeleke mahali anapoweza kupewa kalsiamu ya mshipa huku moyo ukifuatiliwa.

Hatua ya 2: andika vipimo sahihi kwenye fomu

Kipimo kinachoonyesha akiba ya vitamini D ni 25-hidroksi vitamini D, kinachoandikwa 25(OH)D. Hukaa kwenye damu kwa muda. Nusu yake hupungua katika wiki mbili hadi tatu, kwa hiyo huonyesha hali ya wiki kadhaa zilizopita.

Usiagize 1,25-dihidroksi vitamini D kwa kazi hii. Jina lake linavutia kwa sababu ndiyo aina inayofanya kazi mwilini, lakini mtoto mwenye upungufu anaweza kuwa nayo ya kawaida au hata ya juu: homoni ya paratiroidi, inayosimamia kalsiamu ya damu, huilazimisha figo kuitengeneza kutoka kwenye akiba kidogo iliyobaki. Jibu hilo limewarudisha nyumbani watoto waliokuwa wagonjwa.

Pamoja na 25(OH)D andika kalsiamu, fosfeti, kimeng'enya cha alkalini fosfatasi kinachoandikwa ALP, homoni ya paratiroidi inayoandikwa PTH, kreatinini inayoonyesha kazi ya figo, na albumini, protini ya damu. Bajeti ikibana, usiache ALP na fosfeti ukabaki na vitamini D pekee. ALP hupatikana katika maabara nyingi, ni nafuu, na kwa mtoto anayeshukiwa hueleza hali ya mfupa vizuri kuliko namba ya vitamini. Matege yaliyokomaa yenye ALP ya kawaida ni nadra.

Kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu, mwandikie na mama 25(OH)D. Akiba ya mtoto wa umri huo imetoka kwa mama kupitia kondo, na kwa kawaida huwa chini ya ile ya mama.

Andika tarehe ya kuzaliwa, umri kwa wiki, uzito, wiki za ujauzito alipozaliwa, na matone au sindano ya vitamini D aliyopewa mwisho pamoja na tarehe. Bila umri maabara hutoa viwango vya mtu mzima, na hapo ndipo makosa makubwa huanzia.

Hatua ya 3: toa damu

Mtoto hahitaji kukaa na njaa. Afadhali anyonye wakati wa kuchomwa. Kunyonya hupunguza maumivu na mtoto aliyeshiba maji mshipa wake huonekana.

Mtoto ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo. Mwenye kilo 5 ana mililita 400, kwa hiyo mililita 2 za kipimo hiki ni nusu asilimia tu. Kwa njiti wa kilo 2 piga hesabu kwanza. Ukomo unaotumiwa na wengi ni asilimia 3 kwa siku, chini kidogo ya mililita 5, na hesabu hiyo ijumlishe damu zote zilizotolewa siku hiyo wodini. Piga simu maabara uulize kiasi cha chini wanachohitaji. Mara nyingi vipimo vyote hivi vinatoka kwenye mililita 1.5 hadi 2 za damu.

Mshipa wa nyuma ya kiganja au wa kiwiko ndio bora. Usifunge mkono kwa muda mrefu, kwa sababu kufunga huongeza kalsiamu inayosomeka. Kisigino hutumika kwa mtoto wa hadi miezi sita hivi kama kiasi kinachohitajika ni kidogo: choma pembeni mwa kisigino, upande wa ndani au wa nje, kamwe si katikati wala nyuma penye mkunjo, na kichomeo kisizidi milimita 2.4, kwa njiti tumia kifupi zaidi. Pasha kisigino joto kwa kitambaa cha vuguvugu dakika chache, futa tone la kwanza, kisha acha damu itiririke. Ukikamua, seli hupasuka.

Seli zikipasuka, fosfeti na potasiamu zilizomo ndani yake humwagika. Mtoto mwenye fosfeti ya chini ataonekana ana ya kawaida, na dalili uliyokuwa unaitafuta imepotea. Serumu, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na seli, ikitoka na rangi nyekundu badala ya manjano hafifu, rudia kipimo cha fosfeti.

Sasa chupa. 25(OH)D, kalsiamu, fosfeti, ALP na kreatinini ziende kwenye chupa ya kifuniko chekundu au ya njano yenye jeli. Ya kijani yenye heparini nayo hufaa kama maabara inaikubali. PTH hukaa vizuri zaidi kwenye chupa ya zambarau yenye EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande. Kwa damu ya mshipa, chupa ya zambarau ijazwe mwisho. Kwa damu ya kisigino hujazwa kwanza kwa sababu huganda haraka, na hapo uangalifu uwe mara mbili: mdomo wa chupa moja usiguse nyingine, na kamwe usimimine damu kutoka ya zambarau kwenda nyekundu hata kama ya zambarau imezidi.

EDTA hufunga kalsiamu pamoja na madini ambayo ALP huyahitaji kufanya kazi. Tone dogo tu likiingia, jibu litatoka na kalsiamu ya chini ya kutisha, ALP ya chini na potasiamu ya juu. Ukiona utatu huo kwa mtoto anayecheka na kunyonya, usimkimbizie kalsiamu ya mshipa. Toa damu upya.

Acha chupa nyekundu igande kama nusu saa, izungushwe kwenye mashine, na serumu itenganishwe ndani ya saa mbili. Ikikaa juu ya seli usiku kucha fosfeti haiaminiki tena. 25(OH)D yenyewe ni imara: serumu iliyotenganishwa huvumilia siku kadhaa kwenye friji, hivyo kituo cha wilayani kinaweza kuituma mjini kwenye boksi la barafu bila hofu. Kwa muda mrefu zaidi igandishwe. Kuifunika karatasi ya alumini si lazima, isipokuwa maabara imeagiza hivyo.

Mashine iliyosoma damu hiyo

Maabara nyingi hutumia mashine za kingamwili. Ni za haraka, ila baadhi hazioni vizuri vitamini D2, moja ya aina mbili zinazotiwa kwenye matone (nyingine ni D3), kwa hiyo mtoto anayetumia matone ya D2 anaweza kuonekana hana kitu. Uliza chupa yake imeandikwa D2 au D3.

Maabara kubwa hutumia kromatografia na spektrometa ya masi. Hii ni sahihi zaidi, lakini kwa watoto wachanga ina mtego wake. Damu yao hubeba kwa wingi aina pacha ya vitamini hii, inayoitwa epima ya C3. Mashine isipotenganisha pacha hao huwajumlisha, na mtoto mwenye upungufu husomeka ametosheka. Kwa baadhi ya watoto wa chini ya mwaka epima imekutwa ikifika zaidi ya nusu ya jumla yote. Maabara ikiwa inatumia njia hii, iulizwe swali moja: epima inatenganishwa?

Uliza pia kama wanashiriki DEQAS, mpango wa Uingereza ulioanza mwaka 1989 wa kutuma sampuli kwa maabara duniani na kulinganisha majibu ya vitamini D. Kisha, ukirudia kipimo, rudia maabara ileile. Tofauti kati ya mashine mbili inaweza kuonekana kama mtoto amepona au amezidiwa, kumbe ni mashine.

Hatua ya 4: soma majibu

Anza na kizio, kabla ya namba. Baadhi ya maabara huandika ng/mL, nyingine nmol/L. Zidisha ng/mL kwa 2.5 upate nmol/L. Jibu la 20 ng/mL ni 50 nmol/L, lakini 20 nmol/L ni 8 ng/mL tu: namba ileile, kizio tofauti, na tofauti hiyo ni kati ya mtoto aliyetosheka na mwenye upungufu mkubwa.

Kwa makubaliano ya 2016, zaidi ya 50 nmol/L inatosha, 30 hadi 50 ni pungufu, na chini ya 30 ni upungufu halisi ambao matege huweza kutokea. Zaidi ya 250 huelekea sumu. Fomu nyingi bado huweka alama nyekundu kwa kila jibu lililo chini ya 30 ng/mL, yaani 75 nmol/L. Mpaka huo ulitoka kwenye mwongozo wa mwaka 2011 wa Chama cha Endokrini cha Marekani, na chama hichohicho kiliacha kuuunga mkono katika mwongozo wake wa 2024. Alama nyekundu kwenye namba 24 ng/mL, peke yake, haimaanishi mtoto ana matege. Mtoto asiye na dalili nyingine aendelee na matone yake.

Sasa wenzake. Kiwango cha kawaida cha fosfeti kwa mtu mzima huanzia karibu 0.8 mmol/L, kwa mtoto wa miezi sita, 1.0 ni ya chini, lakini fomu yenye viwango vya watu wazima itaiacha ipite kimya. ALP ya 350 itawekewa alama ya hatari kwa sababu mtu mzima huishia karibu 120 au 130, ilhali kwa mtoto anayekua ni ya kawaida. Viwango vya umri vikikosekana, viombwe kabla ya kuamua chochote.

Matege ya upungufu wa vitamini D huja na sura hii: 25(OH)D chini ya 30 nmol/L, ALP juu, PTH juu, fosfeti chini, kalsiamu chini au ya kawaida. Kalsiamu ya kawaida isikutulize. PTH imeikopa mifupani.

25(OH)D ikiwa chini na vingine vyote sawa, mtoto ana akiba ndogo ila mfupa haujaguswa. Mpe vitamini D, usimpachike jina la ugonjwa. Kumbuka kwamba homa kali na maambukizi huweza kuishusha namba hii, na mtoto mwenye kwashiakoo ana protini chache za kuibeba kwenye damu.

25(OH)D ikiwa nzuri huku ALP na PTH viko juu, fikiria kalsiamu ya chakula, hasa kwa mtoto aliyeacha kunyonya na kubaki na uji mtupu. Utafiti maarufu wa Nigeria wa mwaka 1999 ulionyesha watoto wenye matege waliopona vizuri zaidi walipopewa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, kuliko vitamini D peke yake. Mtoto huyo angepimwa vitamini D tu, angeambiwa ni mzima.

Fosfeti ikiwa chini sana, kalsiamu na 25(OH)D za kawaida, na PTH ya kawaida au imepanda kidogo, huenda ni matege ya kurithi yanayopoteza fosfeti kwenye mkojo. Kreatinini na fosfeti zikiwa juu pamoja, tazama figo. ALP ikiwa chini kwa mtoto mwenye mifupa laini, na EDTA imeshaondolewa kwenye shaka, usimpe vitamini D: kuna ugonjwa adimu wa kukosa kimeng'enya hicho, na vitamini D inaweza kumdhuru. Wote hawa ni wa daktari bingwa wa watoto.

Hatua ya 5: eksirei ndiyo inayothibitisha

Kwa mtoto wa chini ya mwaka piga kifundo cha mkono mmoja; ncha ya mfupa wa upande wa kidole kidogo huonyesha mapema. Akishaanza kusimama ongeza goti. Tafuta ncha iliyopanuka, iliyobonyea kama kikombe, na yenye ukingo uliochanika kama pindo la khanga lililofumuka. Picha safi pamoja na ALP ya kawaida hufunga shauri la matege, hata kama namba ya vitamini D iko chini.

Tiba, matone na kupima tena

Daktari ndiye anayeandika dozi, lakini kila anayemhudumia mtoto aijue. Makubaliano ya 2016 kwa mtoto wa chini ya mwaka ni angalau uniti 2,000 kwa siku kwa siku 90, kisha 400 kwa siku. Dozi moja kubwa ya uniti 50,000 inaruhusiwa kuanzia miezi mitatu hadi 12, na haitolewi chini ya hapo. Pamoja nayo kalsiamu ya kama miligramu 500 kwa siku kutoka kwenye chakula au dawa. Usiiruke: mfupa ukianza kupona hunyonya kalsiamu kwa kasi, na mtoto aliyepewa vitamini D tupu anaweza kupata degedege siku chache baadaye.

Matone yanahitaji dakika tano za maelezo. Zipo chupa zenye uniti 400 kwa tone moja, na nyingine zenye 400 kwa mililita nzima. Mama akihama kutoka chupa ya pili kwenda ya kwanza na kuendelea kujaza mililita moja, anampa mtoto dozi kubwa kupita kiasi kila siku bila kujua. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ililazimika kutoa onyo kuhusu vidonoa, yaani vipimio vya kudondoshea matone, vya namna hii. Soma lebo pamoja na mama, weka alama kwenye kidonoa, mwache apime mwenyewe mbele yako. Mtoto akianza kutapika, kukosa choo, kukojoa sana na kukataa kunyonya, simamisha matone na pima kalsiamu siku hiyohiyo.

Kalsiamu na fosfeti zirudiwe baada ya wiki moja hadi mbili kama zilikuwa chini. ALP inaweza kupanda kidogo kwanza kabla ya kushuka, na hushuka kwa miezi. Usiongeze dozi kwa sababu yake. Eksirei ya wiki ya nne kwa kawaida huonyesha mstari mweupe wa chokaa mpya kwenye ncha ya mfupa. 25(OH)D irudiwe baada ya miezi mitatu. Kuirudia baada ya wiki mbili ni kumchoma mtoto bure.

Mtibu na mama. Mtoto akikutwa na upungufu, mama anayemnyonyesha huwa nao pia mara nyingi, na mimba ijayo itaanza pale hii ilipoishia.

Miezi mitatu ikipita, mama ametoa dawa kweli na eksirei haijabadilika, usianze upya dozi ileile. Mpe rufaa, na kwenye barua andika namba zote na vizio vyake, jina la maabara, aina ya matone na kiasi alichopewa, picha ya kwanza na ya pili, na kama mtoto ana nywele chache au hana kabisa. Upara kwa mtoto mwenye matege yasiyosikia vitamini D humwelekeza bingwa kwenye aina mojawapo ya kurithi kabla hata hajaagiza kipimo kingine.